Mrija Ulioinama Saa Tano

"Mama Rosebella, hivi huu upepo ukishatupita hapa, huwa unaenda kulala wapi?"

Hawa aliuliza swali hilo asubuhi moja ya Januari, miaka mingi iliyopita, akiwa amesimama mlangoni mwa duka lake pale Moiben na ufagio mkononi. Alikuwa amefagia kizingiti mara tatu, na mara tatu vumbi la mashambani lilikuwa limerudi na kukaa pale pale, kama mwenyeji.

Rosebella alicheka. "Nitakujibu, Mama Osman. Nipe muda kidogo."

Muda huo kidogo ukawa miaka. Lakini swali hakulitupa. Alilibeba nyumbani siku ile, na tangu hapo, kila upepo ulipompiga shavuni, alikuwa akiugeukia kidogo na kuutazama unakoelekea, jinsi mtu anavyomsindikiza mgeni kwa macho mpaka anakata kona.

Rosebella Apiyo alizaliwa kule chini, karibu na ziwa, mahali ambapo hewa ni nzito na jasho halikauki. Alipanda huku akiwa na miaka kumi na tisa, ameolewa na Odera, fundi wa mashine za kuvuna. Juma la kwanza alilia kwa baridi. Odera akamwambia baridi ya huku si adui, ni mgeni tu asiyejua saa ya kuondoka. Sasa Odera amelala miaka kumi na miwili, Mungu amrehemu, na Rosebella hakurudi kwao. Watu wanaomwita kwa jina lake wako huku.

Kazi yake ni kulinda kiwanja cha kuanikia mahindi. Kiwanja ni cha Mzee Kiarie, na kiko kando ya barabara, ukutani kwa duka la Hawa. Kuanzia Oktoba wakulima huleta mahindi yaliyopukuchuliwa, wakayamwaga juu ya maturubai mpaka ardhi yote inakuwa manjano. Ukisimama barabarani mchana unafikiri jua limeanguka likavunjika pale. Rosebella huyageuza kwa reki ya mbao, anatembea katikati polepole bila viatu, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Mahindi yakilowa baada ya kukauka huota ukungu, na mahindi yenye ukungu hayanunuliwi na hayaliwi. Kwa hiyo kugeuza si kitu. Kazi yenyewe ni kujua mvua inakuja lini.

Kwenye tawi la mkalitusi wa kiwanjani kumening'inia ringi ya trekta. Rosebella akiona mvua inakuja, huigonga kwa nyundo. Na Moiben kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika: ringi ikilia, hakuna mwenye mahindi yake. Kinyozi anaacha kichwa nusu, mama wa chapati anaacha moto, watu wa boda boda wanaegesha pikipiki, kila mtu anakimbia kushika pembe ya turubai iliyo karibu naye bila kuuliza ni la nani. Wakishamaliza kufunika ndipo wanatazamana na kucheka na kurudi makwao.

Miaka mingi Rosebella alitegemea macho na pua. Halafu mjukuu wake Lorraine, aliyekuwa akiishi naye, akaja kutoka shule na kazi ya nyumbani: watoto watengeneze chombo cha kupimia uzito wa hewa. Kama kawaida ya kazi hizi za siku hizi, mtoto alilala kichwa juu ya daftari na nyanya akabaki na gundi mkononi. Rosebella alichukua chupa pana ya jemu, akakata baluni, akaivuta juu ya mdomo wa chupa na kuikaza kwa uzi mpaka hewa ya ndani ikafungwa kabisa. Katikati ya baluni akabandika ncha moja ya mrija, nao ukaegemea ukingo wa chupa na kuchomoza nje kama kidole kinachoonyesha. Nyuma ya ncha ya mrija akasimamisha kadi yenye mistari kumi, wa kwanza chini, wa kumi juu.

Mwalimu akaandika: "Kazi safi sana, Lorraine."

"Kwa hivyo ni nyanya aliyefaulu!" Hawa alisema, akacheka mpaka akashika kaunta. "Mama Rosebella, tutakununulia yunifomu."

Lorraine baadaye alikwenda mtaa wa Pioneer, mjini Eldoret, kukaa na mama yake. Chupa ikabaki. Rosebella aliiweka kwenye kibanda chake cha kiwanjani, kwenye kona, nyuma ya pipa la maji ambako joto halibadiliki sana, na akaanza kuitazama. Mwanzo ilikuwa kumkumbuka mtoto tu. Baadaye ikawa kitu kingine.

Lorraine alikuwa amemweleza kwamba hewa ina uzito, kwamba imetulalia juu ya vichwa sisi sote na hatuisikii kwa sababu tulizaliwa chini yake. Hewa ya nje ikiwa nzito, inaikandamiza baluni iingie ndani, na ncha ya mrija inapanda. Ya nje ikiwa nyepesi, ile iliyofungwa ndani inavimba, baluni inatuna kama shavu la mtu anayepuliza uji, na ncha inashuka. Rosebella alisimama mbele ya chupa asubuhi na jioni kama mtu anayesali, na siku zilivyopita akagundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Kila siku, karibu saa nne asubuhi, mrija ulipanda. Kila siku, karibu saa kumi, ulishuka. Mvua iwepo, isiwepo. Juu, chini, pole pole, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mama Osman," alimwambia Hawa siku moja, "mbingu inapumua."

"Astaghfirullah. Kunywa chai, mama."

Lakini ilikuwa inapumua, na aliyejua pumzi yake ya kawaida angejua siku inapohema vibaya. Mrija ukiinama mapema, kabla ya saa yake, Rosebella alitoka nje na kuupa upepo shavu. Asubuhi za Moiben upepo hutoka mashariki, ng'ambo ya bonde la Kerio, mkavu, unanukia nyasi. Mchana, jua likishachemsha nchi, hewa ya huku inakuwa nyepesi na kupanda kama mvuke wa sufuria. Panabaki nafasi. Na kule chini ziwani, ambako maji yameweka hewa ya baridi na nzito, hewa ile inaona nafasi na kuanza safari ya kupanda. Inapita mashamba ya miwa, inapita vilima vya chai, inafika juu hapa imechoka na imelowa, na inakutana na ile ya mashariki uso kwa uso. Hakuna anayempisha mwenzake. Basi zote zinapanda juu, na mawingu yanasimama, meupe kwanza, halafu meusi matumboni.

Rosebella hakumwambia mtu, lakini moyoni aliamini kwamba upepo ule wa mchana ulikuwa umetoka kumtafuta. Ulikuwa na harufu ya nyumbani, ya matope na mafunjo. Alikuwa akifumba macho na kuuacha upite.

Kufumba macho kulikuwa kumekuwa rahisi. Tangu mwaka jana kitu kama maziwa yaliyomwagiwa maji kilikuwa kimeingia kwenye macho yake yote mawili. Kwanza aliona ukungu kwenye mashamba ya mbali akadhani ni msimu. Halafu ukungu ukakaribia, ukafika kwenye mkalitusi, ukafika kwenye uso wa Hawa. Hakusema. Mlinzi wa kiwanja asiyeona ni mlinzi wa nini? Kiarie angemwambia akapumzike, kwa heshima yote, na kupumzika kwake kungekuwa kukaa chumba cha mwanawe Pioneer, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama ukuta wa jirani, ambako upepo hauingii. Kila asubuhi aliomba, "Bwana, niache hapa nje," na kila asubuhi alihesabu mistari ya kadi kwa shida zaidi.

Novemba hii kona ya pipa ikawa giza kabisa kwake. Basi Jumatano moja aliibeba chupa akaiweka dirishani, penye mwanga, na kweli pale aliiona. Alishukuru. Akaenda kugeuza mahindi. Saa tano aliporudi, mrija ulikuwa umeinama. Haukuinama kidogo. Ulikuwa umeshuka mpaka mstari wa pili, mahali ambapo hakuwahi kuuona maisha yake yote.

Hakungoja kuupa upepo shavu. Aligonga ringi kwa mikono miwili.

Walikuja wote. Watu thelathini na zaidi, wakakimbia, wakafunika, wakasimama wakihema wakitazama juu. Mbingu ilikuwa bluu kama sahani. Walingoja. Jua likawachoma visogo. Saa saba mtu mmoja akacheka.

"Mama, mvua yako imepanda boda boda gani?" Mzee Kiarie aliuliza. "Labda imeishiwa na petroli njiani, kule Kesses."

"Labda inajadiliana nauli," kinyozi akasema, na kiwanja chote kikaangua kicheko.

Brigid, mjane ambaye nusu ya mahindi yaliyokuwa pale ni yake, hakucheka. "Nimepoteza jua la siku nzima, Mama Rosebella," alisema kwa upole, na upole huo uliuma kuliko maneno ya wengine.

Kiarie alitoa simu mfukoni. Si mtu mbaya, Kiarie. Ni mtu wa kupenda vitu vipya. "Hii inaongea na setilaiti," alisema. "Inaniambia mpaka saa. Jumamosi tukae tuongee, mama. Umefanya kazi ndefu. Hata ng'ombe wa maziwa hupumzishwa."

Jioni Hawa alikuja kibandani na birika la chai ya tangawizi. Alimkuta Rosebella amekaa kwenye gunia, mikono mapajani, anaitazama chupa bila kuiona. Hawa akaichukua ili aweke birika mahali pake, akashtuka.

"Kwani chupa hii umeipika? Ina joto kama chapati."

Rosebella akanyoosha mkono, akaigusa. Kioo kilikuwa bado kimeshika jua la siku nzima. Mkono ukiwa bado juu ya kioo, akaona kila kitu, akaona vizuri kuliko macho yalivyokuwa yakimwonyesha. Hewa ya nje haikuwa imepungua uzito hata kidogo. Ile ya ndani ndiyo ilipashwa moto na jua la dirishani, ikavimba, ikaiinua baluni. Chupa haikusema uongo. Ilisema habari za dirisha.

"Ni mimi niliyeitoa kwenye kona," alisema.

"Kwa nini? Miaka yote hii umetukataza hata kuipumulia."

"Kwa sababu pale kwenye kona sikuwa naiona, Mama Osman. Hata wewe sikuoni. Naona shuka la kijani linaongea."

Hawa alikaa chini kwenye gunia hilo hilo, akamimina chai, akamshikisha kikombe mkononi, vidole juu ya vidole.

"Ni la zambarau," alisema. "Na huyo ni mtoto wa jicho, kama wa marehemu mama yangu. Anatolewa. Januari nikienda Eldoret kuleta mzigo tutakwenda pamoja hospitali ya macho. Insha'Allah."

"Na mpaka Januari?"

"Mpaka Januari mimi nitakusomea. Nina macho mawili na sina kazi nayo kubwa."

Walirudisha chupa nyuma ya pipa, wakaiacha ipoe.

Alhamisi mrija ulipumua kama kawaida. Ijumaa Hawa aliingia saa nne akasema, "Mstari wa tano," wakati siku zote saa ile mrija ulikuwa mstari wa sita au wa saba. Saa sita akaingia tena. "Wa tatu na nusu. Ni kawaida?"

Haikuwa kawaida. Rosebella aliigusa chupa kwa mgongo wa kidole. Ilikuwa baridi. Akatoka nje bila viatu, akasimama katikati ya mahindi na kuinua uso. Upepo wa mashariki ulikuwa umekufa. Majani ya mkalitusi hayakusema neno. Hewa ilikuwa imesimama, na kuku wa jirani walikuwa wamenyamaza kama watoto wanaojua wamekosea.

"Simu inasema jua mpaka Jumatatu," Kiarie alisema kutoka benchi la kinyozi. Hakuna aliyemuuliza.

Akiigonga ringi na mvua isije, ameondoka kesho. Akikaa kimya na mvua ije, mahindi ya Brigid yameoza, na yaliyooza hayarudishwi kwa maongezi ya Jumamosi. Alipima hayo mawili kwa muda wa pumzi tatu. Kisha akaenda kwenye mti, akapapasa mpaka akaipata nyundo, na akagonga.

Safari hii hawakukimbia. Walitoka milangoni, wakatazama juu, wakatazamana. Mbingu ilikuwa na wingu moja tu upande wa magharibi, dogo, kama pamba iliyoanguka njiani.

"Leo mimi sitoki," kinyozi akasema.

Aliyetoka ni Hawa. Aliacha duka wazi, droo wazi, mteja amesimama na sabuni mkononi, akakimbia na shuka lake la zambarau likipepea, akakamata turubai la kwanza na kuanza kulikunja peke yake huku akiwatukana wote kwa Kisomali. Hakuna aliyeelewa neno. Wote walielewa. Mama wa chapati akaja. Vijana wa boda boda wakaja, wakilalamika. Mwisho kinyozi akaja na kitana sikioni. Walifunika mpaka mwisho.

Halafu hapakuwa na kitu.

Dakika kumi. Ishirini. Jua lilikuwa pale pale. Rosebella alikaa chini ya ringi, Hawa kando yake, na macho ya watu yalikuwa mgongoni kwao kama joto la jiko.

"Mama Osman," Rosebella akasema kwa sauti ya ndoto, "uliniuliza upepo huenda kulala wapi."

"Niliuliza? Lini?"

"Ulikuwa unafagia. Haulali. Unaenda pale hewa imepungua. Popote palipobaki wazi, hapo ndipo unapokimbilia kupajaza. Mungu hapendi mahali patupu, nadhani. Sasa hivi hapa petu ni patupu. Nasikia kabisa. Kuna kitu kinapanda."

"Kipande basi haraka, dada yangu, maana Kiarie amesimama."

Kiarie alikuwa amesimama kweli. Brigid naye alikuwa amekwenda kwenye turubai lake la pembeni na kuanza kulifungua, bila kelele, kama mtu aliyevumilia vya kutosha. "Jua ni jua," alisema. "Silipotezi tena."

Rosebella hakumzuia. Alikuwa ameinua shavu. Ulikuja kidogo tu kwanza, pumzi moja ya baridi kutoka magharibi, na ndani yake matope na mafunjo. Alifumba macho. Alikuwa msichana, alikuwa kwao, mama yake alikuwa anaanua nguo.

Kisha upepo ukafika wote kwa pamoja. Mkalitusi ukapiga magoti. Lile wingu la pamba lilikuwa limepanda na kupanuka nyuma ya paa la duka ambapo hakuna aliyelitazama, na sasa lilikuwa jeusi mpaka chini. Mbele ya mvua ilitangulia ile baridi inayoanguka kutoka juu, nzito, ikakimbia ardhini na kuinua vumbi lote la barabara. Halafu mawe. Mvua ya mawe, yanaruka kwenye mabati kama mahindi yanayopukuchuliwa mbinguni. Brigid alilalia turubai lake kwa kifua, na watu wanne wakamfuata wakalala juu ya pembe nyingine, lakini upepo ulikuwa umeshaingia chini. Lile moja lilipinduka. Magunia kama sita hivi yalilowa. Mengine yote, kiwanja kizima, yalibaki makavu.

Walijibanza dukani kwa Hawa, wamelowa, wanatetemeka. Kiarie alikuwa amekamata simu yake chini ya koti. Aliitazama mara moja, akairudisha mfukoni.

Jumamosi alikuja kiwanjani kama alivyoahidi, na wengine wakaja bila kualikwa. Brigid alikuwa anaanika upya yale yaliyolowa, akitenga yaliyoanza kubadilika rangi. Kiarie alikohoa mara mbili.

"Mama Rosebella, yale ya Jumatano tuyaache. Kila mtu hukosea. Endelea na kazi yako, hakuna la kuongea."

Hapo angeweza kusema asante na kukaa. Hawa alimbonyeza mkono kidogo, kumaanisha, sema asante ukae. Lakini Rosebella alikuwa ameomba usiku kucha, na alikuwa amejibiwa jambo moja tu, kwamba mahindi ya watu hayawekwi chini ya siri.

"Lipo la kuongea, Mzee," alisema. Akawaambia juu ya maziwa machoni, juu ya kona iliyokuwa giza, juu ya dirisha. Akawaambia ni yeye aliyewapotezea jua la Jumatano, si chupa. Akamgeukia Brigid, au mahali alipodhani Brigid yupo, akamwomba msamaha.

"Niko huku, mama," Brigid akasema kutoka upande wa pili. Watu wakacheka kidogo, na yeye akacheka. Brigid akaongeza, "Na Ijumaa ni mimi niliyefungua. Hayo sita ni yangu, usiyabebe wewe."

Kiarie alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. Upepo wa asubuhi ulikuwa unatoka mashariki, mkavu, na ulizipeperusha punje chache za makapi juu ya turubai.

"Sasa unataka tufanye nini, mama?" aliuliza. "Sema wewe mwenyewe."

Rosebella akasema:

"Chupa iacheni pale nyuma ya pipa, msiihamishe. Anayepita saa nne na anayepita saa sita aingie, aniambie mrija uko mstari wa ngapi, aniambie ukweli hata kama hapendi. Upepo nitausikia mwenyewe. Na nikigonga, njooni."